Mwaka Niliofunga Siku Zote Thelathini

Mwanamke akibeba mimba, kila apitaye barazani humpa la kufanya: kula hiki, acha kile, usikae mlangoni. Akikoma kuona siku zake, hapewi hata neno moja. Mimi sikupewa, na kwa kukosa neno hilo nilizitia nyumba mbili taabuni. Sasa mambo yametulia kidogo na magoti yananiruhusu kukaa kitini saa nzima, basi naandika. Dawa siijui. Najua yaliyonipata tu, na huenda yakamfaa mwenzangu anayeingia mlango huu.

Nakaa Malindi, mjini Unguja, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani yenye ngazi ndefu za mawe. Mume wangu, ambaye namwita Baba Rukia, ni mpimaji wa karafuu katika ghala moja karibu na bandari. Chini anakaa dada yake, Bi Asha, mjane, wifi yangu wa miaka ishirini na sita. Mwanetu ni mmoja, Rukia. Wengine wawili tuliwazika wachanga. Rukia ameolewa Bububu. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa miaka arubaini na minane, na Rukia alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Mwili wangu ulikuwa umeanza kunigeuka kabla ya hapo. Kwanza damu ilivurugika: miezi miwili hakuna, mwezi wa tatu inakuja ya kunilaza. Kisha ukaja moto. Nipo jikoni nakuna nazi, mara joto linapanda kutoka kifuani, linafika masikioni, na jasho linanitiririka mgongoni kama niliyemwagiwa maji. Dakika chache limepita, nami natetemeka. Usingizi ukanihama. Niliamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala, na uchovu ule haukuwa wa kazi. Ungenipa siku tatu za kukaa bure, ningezimaliza nimechoka vilevile.

Mwisho ukaja unene. Kanga niliyozoea kujifunga na kuchomeka pindo kiunoni, ncha zake zilikutana kwa shida, halafu zikaacha kukutana. Fundi aliongeza vipande vya kitambaa kwapani katika magauni yangu yote, kisha akaongeza tena. Bangili nilizovishwa harusini nilizivua kwa sabuni. Na wala sikuwa nakula zaidi ya zamani. Niliacha halwa, nikaacha ndizi za nazi, nikawa nakula mkate kipande na chai ya rangi. Unene haukuwa na habari. Ulikaa tumboni, mbele, mgumu na wa duara, na magoti yakawa yanalia kila nikipanda ngazi. Nilikuwa napumzika ngazi ya saba, halafu ya kumi na mbili. Nilizijua ngazi zile kama mtu anavyowajua jirani zake wabaya.

Lakini nani wa kumwambia? Kwetu mwanamke akinenepa hupongezwa. Nikenda harusini, wanawake walinishika mashavu. "Mashaallah, Mama Rukia, umenawiri! Mzee anakutunza." Utamwambiaje mtu kwamba unaumwa na kile anachokusifia? Nilikuwa nacheka, narudi nyumbani navua buibui, na kukaa juu ya kasha mpaka pumzi irudi.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia masika. Sasa, katika nyumba ya wanawake wawili, siku za mwanamke hazifichiki. Akiingia mwezini hasali wala hafungi. Anakula kimyakimya pembeni mwa jiko, na zile siku alizokula huzilipa baadaye, moja moja, kabla ya Ramadhani nyingine haijaandama. Bi Asha ndiye aliyekuwa akituamsha daku kwa kugonga ngazi kwa mchi, kwa hiyo alijua kila mwaka nani anafunga na nani anakula. Mwaka ule hakupata siku hata moja ya kuniruka. Nilifunga kumi la kwanza, la pili, na la tatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufunga zote thelathini tangu nivunje ungo. Moto ulinijia saa tisa mchana, ulimi umekauka, na sikuweza hata kunywa funda la maji. Nilijimwagia kata ya maji kichwani na kumaliza siku. Nilichoka sana, lakini nilijisikia fahari, sikufichi.

Asubuhi ya Idd nilivaa gauni jipya, nalo lilinibana tumboni. Bi Asha alipokuja kunipa mkono wa Idd, aliniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Wifi," akasema, "umefunga zote mwaka huu."

"Alhamdulillahi, zote."

"Na tumbo hilo?" Akasogeza uso karibu, macho yanacheka. "Kuna habari, sio? Nambie miye, sitamwambia mtu."

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kusema, "Hapana, wifi, nimekoma." Lakini neno lile lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu, hata peke yangu. Kukoma! Ndilo neno tunalomwambia mtoto aliyechokoza kisha akachapwa: umekoma? Nilihisi nikilisema tu, nitatoka chumba kile nikiwa kizee. Nikacheka, nikatazama chini, nikasema, "Inshaallah."

Inshaallah moja tu. Jioni Baba Rukia alirudi kutoka barazani na fungu la ukwaju ndani ya karatasi.

"Nimeambiwa watu wa hali yako hupenda uchachu," akasema, asinitazame, kwa sababu alikuwa anaona haya kama kijana. Akauweka mkononi mwangu. Mtu huyu alikuwa na miaka hajaniletea kitu kilichonunuliwa kwa ajili yangu peke yangu. Nililamba ukwaju.

Sikuwa na uhakika mwenyewe, nikijitetea. Kulikuwa na siku nilizoamka nikiweka mkono tumboni na kusubiri. Watoto wawili niliowazika walinijia mawazoni, nikasema pengine Mungu ananirudishia mmoja. Lakini moyoni nilijua. Nilipata kubeba mimba tatu. Mwili haukuwa ukisema vile.

Kipupwe kikaingia. Kwanza nilipigwa chuku magotini, na mama mmoja hodari kutoka Ng'ambo, kwa pembe zake tatu za kunyonya damu. Maumivu yaliondoka siku mbili, yakarudi siku ya tatu. Kisha Bi Asha akaniletea mkandaji wa kunikanda tumbo, bikizee mwenye vidole vikavu. Alinipaka mafuta, akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mikono ikasimama. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Alijua, na nilijua kuwa amejua.

"Mwili mzito huu, mwanangu," akasema taratibu. "Nenda hospitali wakutazame."

Nilimtilia kahawa, akanywa, akaenda zake. Hakumwambia Bi Asha lolote. Namwombea dua mpaka leo, ingawa pengine ingekuwa bora angepayuka.

Maana habari ilikuwa imeshafika Bububu. Siku moja, kabla ya adhuhuri, nilisikia hodi chini, na pumzi ya mtu anayezipanda zile ngazi kwa taabu kama mimi. Alikuwa Bi Salma, mama mkwe wake Rukia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Alikuwa ameleta kikapu cha mihogo. Tukaulizana hali, tukaulizana tena, akanywa chai, ndipo akasema alilojia.

"Bi Zuwena, nimekuja kwa wema. Tulikubaliana Rukia mimba ikifika mwezi wa saba aje kwako azalie hapa, kama ilivyo ada, uzazi wa kwanza kwa mama yake. Lakini sasa na wewe una hali yako. Mama na mwana na matumbo mawili nyumba moja, watu watasema nini? Na nani atamkanda nani? Atabaki kwangu."

Baba Rukia alikuwa chumba cha pili, anavaa kanzu aende msikitini. Mlango ulikuwa wazi. Nilifungua kinywa, nikasikia anakohoa kule, kikohozi cha mtu aliyeridhika. Nikakifunga.

"Sawa, Bi Salma," nikasema.

Mwanangu mmoja, uzazi wake wa kwanza, na nikasema sawa. Nilikuwa nimeshamshonea mtoto nguo za kitoto nne, na nguo nyeupe kumi za kumfungia. Nilizitia kwenye kasha nikaketi juu yake.

Rukia mwenyewe alikuja baada ya wiki mbili. Hakupanda mpaka juu. Alisema ngazi zinamchosha, tukazungumza chini kwa Bi Asha. Tumbo lake lilikuwa zuri, la juu juu. Aliponiamkia, "Shikamoo, Mama," aliutazama mkeka.

"Marahaba, mwanangu. Mbona hunitazami?"

"Watu wanacheka, Mama. Kisimani wananiuliza nani atazaa kwanza, mimi au weye. Wanasema nitamnyonyesha mdogo wangu." Machozi yakamlenga. "Nnataka kuja kwako. Naogopa kuzaa. Lakini nnaona haya."

Alipoondoka sikuweza kupanda ngazi. Nilikaa kwenye ngazi ya kwanza mpaka alasiri ikaadhiniwa, na nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimkasirikia Bi Asha, nikamkasirikia Bi Salma, na tumbo langu nikalipiga kofi. Kisha nikabaki nimejikasirikia mwenyewe, kwa sababu wengine wote walikuwa wamesema wanachokiona. Mimi peke yangu ndiye niliyeficha.

Siku ya pili yake nilikwenda hospitali. Mabenchi ya wanawake yalijaa tangu alfajiri. Ukiinuka kwenda kunywa maji, nafasi yako imekwenda, basi nilikaa paja kwa paja na mwanamke kutoka Makunduchi, mwembamba, amebeba kikapu. Saa nne moto ukanipanda. Nilijua uso umeiva. Yule mwanamke hakuuliza kitu. Alitoa kipepeo cha ukindu kikapuni mwake, akaanza kunipepea shingoni, taratibu, kama apepeaye makaa asiyotaka yarushe cheche.

"Mie mwaka wangu wa nne," akasema. "Hakiui hichi. Kinachosha tu."

Nilitaka kumbusu mikono. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia jambo lolote juu ya hali ile, na alikuwa mtu nisiyemjua.

Nikaitwa. Mkunga wa hospitali, msichana wa kwetu aliyevaa nguo nyeupe, alinisimamisha juu ya mizani. Kwa mke wa mpimaji, hilo ni jambo: miaka yote Baba Rukia amepima magunia ya Unguja nzima, mimi sijapimwa hata mara moja. Alisoma kwa sauti, ratili mia na tisini na mbili. Frasila tano na ushei, nikapiga hesabu kichwani. Kisha akauliza, pazia likiwa wazi, na benchi zima likitega masikio, "Mara ya mwisho kuingia mwezini lini?"

"Kabla ya Ramadhani," nikanong'ona. "Miezi mitano au sita kabla."

Akanilaza, akanibonyeza, akamwita daktari, naye akabonyeza, akasema maneno mawili matatu. Mkunga akanitafsiria. "Hamna mtoto humu, bibi. Umekoma tu. Unene ndiyo hali yenyewe. Punguza wanga na sukari, tembea asubuhi, magoti usiyakunje sana."

Bibi! Nilikwenda pale nikiwa mama wa mtu, nikatoka bibi. Nilifunga gauni langu. Nilipopita benchini, yule wa Makunduchi alinitikisia kichwa, na mimi nikamtikisia.

Nilimwambia Baba Rukia wakati wa chakula cha mchana, kabla sijajishauri tena. "Hakuna mimba," nikasema. "Haikuwapo. Nilijua, nikaogopa kusema. Nimekoma, Baba Rukia."

Tonge likasimama karibu na mdomo wake. Alilirudisha kwenye sahani. Nikaziona mvi za kidevuni zinacheza.

"Nshawaambia watu ghalani," akasema.

"Najua. Nisamehe."

Akanawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, akitazama dirishani, "Karafuu ikilala ghalani masika, asubuhi ukiipima, imezidi uzito. Hakuna aliyeitia kitu. Imevuta hewa ya mvua tu."

"Mimi si gunia, Baba Rukia."

"Sikusema gunia. Nasema miaka yote hii sijaitupa karafuu kwa sababu hiyo."

Akavaa kofia akatoka. Hakuniletea ukwaju jioni ile, na kwa mwezi mzima alikuwa mkimya kama aliyefiwa, na kweli alikuwa amefiwa. Lakini hakunitazama vibaya. Jumaatatu iliyofuata alibeba debe la maji mwenyewe mpaka juu, na tangu siku hiyo maji ya juu hupandisha yeye.

Ilibaki Bububu. Vuli ilikuwa imeanza, na gari la shamba nililopanda lilikuwa limelowa mpaka ndani. Niliteremka barabarani nikatembea mpaka nyumbani kwa Bi Salma, napumzika kila mnazi wa tatu. Nilimkuta ukumbini anachambua mchele, na Rukia ameegemea mto. Nilipiga hodi, nikakaa juu ya kibao, na kabla ya chai nikasema.

"Bi Salma, nimekuja kusema kitu. Nimekoma."

Ungo ukasimama. "Umekoma? Umekoma nini tena? Nani kakufanyia ubaya? Kama ni yale niliyosema juzi, miye sikukusudia..."

"Sikukomeshwa na mtu! Nimekoma. Sina mimba. Sioni tena siku zangu. Nimezeeka, Bi Salma, na tumbo hili ni mafuta yangu mwenyewe."

Rukia akaanza kucheka, akashika tumbo lake, akacheka mpaka akalia, na mimi nikacheka pamoja naye, huku moto unanipanda na jasho linanitoka. "Mama," akasema, "na kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Ya nini?"

Bi Salma ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake. "Miye mwaka wa tatu huu," akasema, akiinamia mchele. "Nikawaambia naumwa na mgongo. Mpaka leo wananichua mgongo ambao hauumi." Akachagua jiwe, akalitupa. "Mficha uchi hazai, Bi Zuwena. Sisi tumeuficha, na kuzaa hatuzai tena."

Lakini hakumwachia Rukia kirahisi, na alikuwa na haki. "Ngazi zako zile," akasema. "Magoti hayo. Maji ya moto asubuhi na jioni kwa siku arubaini, nani atayapandisha? Mumeo kazini. Usinidanganye tena."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilirudi mjini bila jibu, na yote nikamweleza Bi Asha, tangu inshaallah yangu mpaka ngazi. Alinisikiliza ameshika shavu. Hakuomba radhi, si tabia yake. Aliinuka tu, akakunja godoro lake, akafunga nguo zake katika shuka.

"Miye nitalala juu kwako," akasema. "Mwache mtoto azalie chini. Magoti yangu mazima."

Rukia alikuja mimba ikiwa mwezi wa nane, karafuu zikiwa zimetandazwa kila uwanja, na mji mzima unanukia. Alizaa mwezi mmoja baadaye, asubuhi, mtoto wa kiume. Nilimkanda mwanangu kwa maji ya moto siku arubaini. Nilikaa kwenye kiti cha chini, si mkekani, kwa sababu nikikaa chini siinuki. Nilichoka mpaka nikawa nasali nimekaa na usingizi unaniiba kati ya rakaa. Sitawadanganya kwamba furaha iliniondolea uchovu. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa nimechoka, na viwili hivyo vilikaa pamoja bila kugombana.

Uzito nao haukuondoka. Natembea mpaka Funguni jua halijawa kali, sukari nimepunguza, nalala na kanga mbichi kifuani. Magauni nimeacha kumpelekea fundi ayaongeze, nimeshona mapana. Ukifikwa na hali hii, dada, mwambie mwanao mapema, na utafute kiti.

Ramadhani iliporudi nilifunga tena zote thelathini. Asubuhi ya Idd nilikuwa chini kwa Bi Asha, mjukuu amelala juu ya tumbo langu. Hapo ndipo anapolala vizuri, papana na pana joto. Wageni waliingia na kutoka. Akaja mwanamke mmoja, tuliyeonana harusini mwaka uliopita, akanipa mkono, akaona mtoto, uso ukamchangamka.

"Mashaallah! Ndiye huyu uliyekuwa naye tumboni?"

Rukia akanitazama. Bi Asha akaacha kumimina chai.

"Hapana," nikasema. "Tumboni mle nilikuwamo mimi mwenyewe tu."